Amita ya Jumatano

Chediel Msengi aliunguza amita, akakaa kimya, na mwanamke aliyempenda akaitwa mzembe mbele ya walimu thelathini na mmoja. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna namna ya kulisema jambo hili likawa zuri.

Walikuwa wamejuana siku tatu tu.

Walikutana Jumapili, Juni 1995, sokoni Singida mjini. Upepo ulikuwa ukirusha vumbi na mifuko ya nailoni, na kila mwenye meza alikuwa ameikalia bidhaa yake isipeperuke. Ulikuwa mwaka ambao kila mtu alikuwa anauza kitu: mitumba, redio, mafuta ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine za watu binafsi. Mbele ya fundi baiskeli alisimama dada mmoja mrefu, gauni la bluu la mtumba lenye vifungo vikubwa vyeupe, sweta ya kijani iliyompwaya, na raba nyeupe alizozipaka chaki.

"Nataka dinamo tatu," alisema. "Hata kama taa zake hazipo."

"Dada una baiskeli tatu?" fundi aliuliza.

"Sina hata moja."

Chediel alikuwa anapita. Alicheka. "Dada, dinamo bila baiskeli utaizungusha na nini? Ulimi?"

Yule dada aligeuka, akamtazama kuanzia kiatu hadi mfuko wa shati. "Kwa mkono. Na wewe unayecheka, kalamu tatu za nini? Una mikono mitatu?"

Fundi aliangua kicheko. Chediel alizigusa kalamu zake: ya bluu, nyekundu, nyeusi.

"Mimi ni mwalimu."

"Wa nini?"

"Fizikia."

Dada akamsukumia boksi la dinamo kifuani bila kuuliza. "Basi beba, mwalimu wa fizikia. Tunakwenda semina moja. Mimi ni Eliana, natoka Manyoni."

Njiani alizungumza yeye. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipoanza kufundisha alikuta shule haina kifaa hata kimoja, akaunda kengele ya umeme kwa misumari na waya wa redio mbovu. Mkaguzi wa shule, Mzee Anselm, aliposikia akamwita aje kusaidia kuendesha semina hii ya walimu wa fizikia wa mkoa, ya kufundishana kwa mikono badala ya chaki. Na kulikuwa na nafasi moja ya masomo, mwaka mzima Dar es Salaam. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa.

"Na kwenu Iguguno," aliuliza, "maabara ipo?"

"Ipo."

"Praktikali mnafanya?"

"Kila wiki," Chediel alisema.

Jibu lilitoka lenyewe, kama mtu mwenye msiba anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za nyumbani.

Ukweli ni kwamba shule yake, shule ndogo ya kutwa nje ya Iguguno, ilikuwa imepelekewa boksi la mbao la vifaa vya fizikia mwaka 1991. Mkuu wa shule alisaini, akasema kitakachovunjika mwalimu atalipa, na boksi likabaki na misumari yake. Chediel alifundisha ubaoni. Alijua kuichora amita, kile kipimo cha mkondo wa umeme, kuliko mtu yeyote wilayani Iramba: duara safi, herufi A katikati. Kuigusa, hajawahi.

Semina ilifanyika katika shule moja ya wasichana iliyokuwa likizo. Jumatatu walitengeneza mizani kwa rula na visoda. Jumanne walizungusha dinamo mpaka balbu za tochi zikawaka, na walimu wenye mvi walipiga makofi kama watoto. Chediel alikuwa katika kikundi cha Eliana. Yeye aliandika, wengine walishika.

Jumanne jioni walitembea mpaka Ziwa Singidani, wakakaa juu ya jiwe wakila mahindi ya kuchoma. Ndege heroe walikuwa wamesimama majini kwa mguu mmoja mmoja.

"Wale nao ni walimu," Eliana alisema. "Wanasimama siku nzima, mshahara matope."

"Mmoja amevaa vizuri. Mkuu wa shule."

Eliana alimpiga begani. "Wewe mpole mno, Chediel. Kwenye kikundi unaandika tu."

"Mwandiko wangu mzuri."

"Mwandiko mzuri utakuoza mke? Kesho utashika. Nimemwambia Mzee Anselm wewe ndiye utakayefunga umeme baada ya chakula cha mchana, maana kwenu mnafanya kila wiki. Nataka wakuone." Alimtazama kwa macho ya mtu anayejivunia chake. "Mbona umeacha kula?"

"Nimeshiba."

Jumatano, wenzake walipokwenda kula, Chediel aliingia maabara peke yake. Mlango haukuwa umefungwa. Alitaka kujaribu kidogo tu, ili alasiri asiwe anashika waya kwa mara ya kwanza. Juu ya meza palikuwa na betri ya gari, nyaya, balbu, na amita moja ndani ya kisanduku chake. Ilikuwa moja tu. Chuo kimoja kiliwaazima, na aliyeisaini ni Eliana.

Alichukua nyaya mbili. Akazifunga kutoka betri kwenda amita moja kwa moja, bila balbu, bila kizuizi chochote, ili aone tu kama mshale unacheza.

Kila aliyewahi kushika kifaa hicho anajua kwamba hakifungwi hivyo. Ni kufungulia ng'ombe mia wapite mlango wa banda la kuku. Mshale uliruka ukagonga mwisho na kupinda. Ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua.

Alizing'oa nyaya. Alirudisha amita kisandukuni, akafunga kifuniko, akafungua dirisha. Kisha akaenda kunawa mikono, akala wali.

Alasiri Mzee Anselm, mkaguzi, mtu wa tai hata kwenye joto, alifungua kisanduku mbele ya wote. Aliitoa amita, akawaonyesha mshale uliopinda.

"Nani alikuwa na ufunguo?"

"Mimi, mzee," Eliana alisema.

"Ulifunga mlango?"

"Sikumbuki, mzee. Nadhani sikufunga."

"Mwalimu mzima unadhani? Huu ni uzembe. Hivi ni vitu vya kuazima, binti, si masufuria ya nyumbani kwenu."

"Mzee, wanawake na umeme wanajuana kwenye pasi tu," akadakia Zefania, mwalimu kijana wa mjini aliyevaa miwani ya jua darasani. Watu wakacheka. Eliana alitazama chini, kwenye raba zake zilizopakwa chaki.

Chediel, dawati la tatu, aliinamia daftari. Akaandika tarehe.

Ijumaa jina la Eliana lilikatwa kwenye orodha ya Dar es Salaam. Likaandikwa la Zefania.

Stendi, akisubiri gari, Eliana alilia. "Labda niliiacha ikiwa imeunganishwa. Labda niligusa kitu. Nakumbuka na kukumbuka, sioni. Mimi si mzembe, Chediel."

Alimpangusa machozi kwa leso yake. "Usijilaumu, mpenzi."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwita mpenzi.

Kila Jumamosi ya pili Chediel alipanda lori kwenda Singida mjini kupiga simu posta, kwenye kibanda cha mbao kinachonuka jasho la wapenzi na wadeni. Manyoni walipokea ofisini kwa mkuu wa shule.

"Chediel? Umekula?"

"Nimekula sauti yako."

"Muongo wewe! Sikiliza. Mama anauliza atakuona lini. Kifua kinamsumbua, anasema hatakufa kabla hajala pilau ya harusi yangu."

"Desemba. Mwambie Desemba naja na mshenga."

Alisikia anavyocheka, na walimu wengine ofisini wakimtania. Kisha sauti yake ikashuka.

"Ile amita chuo wamenirudishia, wanasema nibaki na mzoga wao. Jana nimeifungua. Mshale umepinda mpaka mwisho, waya wa ndani ni mweusi kama mkaa. Haikuanguka ile. Mtu aliifunga moja kwa moja kwenye betri."

Chediel alihamishia simu sikio la pili.

"Nani angefanya hivyo?"

"Mtu ambaye hajashika amita maishani mwake. Si mimi, si wewe. Nadhani ni Zefania. Au unasemaje?"

"Labda," Chediel alisema.

Neno hilo moja lilimtesa kuliko moshi. Kwanza alikuwa amejificha nyuma ya mwanamke. Sasa alikuwa amemtwisha mzigo mtu mwingine, tena kwa simu ya dakika tatu.

Septemba Eliana alikwenda Iguguno bila kumwambia. Alivaa gauni lile la vifungo vyeupe, na kwenye kikapu alibeba dinamo moja kati ya zile tatu, zawadi kwa maabara ya kila wiki. Mkuu wa shule alimwonyesha chumba chenye maandishi MAABARA, akaenda kumwita Chediel darasani.

Chediel alimkuta amekaa juu ya boksi la mbao. Pembeni magunia ya alizeti yalifika darini.

"Kila wiki," Eliana alisema.

"Eliana..."

"Misumari ina kutu. Kila wiki unaipigilia upya?"

Eliana alipitisha kidole kwenye vumbi la boksi, akakitazama.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Mchana ule."

"Mlipokwenda kula. Nilitaka kujaribu kwanza, nisikuaibishe."

"Usiniaibishe!" Alicheka kicheko kikavu. "Ungeniambia tu. Kule sokoni, kule ziwani, popote. Ningekufundisha kwa dakika tano."

"Niliona aibu."

"Aibu ya kutojua? Nusu ya wale hawakuwa wamegusa kitu. Ndiyo maana inaitwa semina, Chediel!" Alisimama. "Kuharibika kwa kifaa nasamehe. Hata kunyamaza mbele ya wazee, labda. Lakini nililia mbele yako. Niliuliza kosa langu liko wapi, ukanipangusa machozi huku unalijua."

Aliweka dinamo juu ya boksi, akaondoka kwa miguu hadi barabarani. Chediel alimfuata mpaka kwenye geti.

Wiki ile aling'oa misumari. Alijikata kidole, akajifunza kufunga nyaya, akaunguza balbu nne, akawaambia wanafunzi wake wazi: "Hili silijui, tulitafute wote." Alipiga simu Manyoni.

"Mwalimu Eliana yuko darasani," sauti ya mwanamke ilijibu.

"Leo Jumamosi, mama."

"Basi yuko darasani Jumamosi."

Aliandika barua tano. Hazikujibiwa. Desemba ikapita.

Juni 1996 semina iliitishwa tena. Eliana hakualikwa. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chai, Chediel alisimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Msengi. Una swali?"

"Nina kosa." Mfukoni alikuwa na kalamu moja tu. "Amita ya mwaka jana niliiunguza mimi. Niliifunga moja kwa moja kwenye betri kwa sababu nilikuwa sijawahi kuishika. Nilisema nafanya praktikali kila wiki. Sikuwa nafanya. Mwalimu Eliana hakukosea chochote. Wala Zefania. Mimi nilikuwa nimekaa pale, dawati la tatu, nikamwacha."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Mzee Anselm aliinua mkono.

"Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu mwaka jana sikusema."

Kisha Mwalimu Stumai, mama mtu mzima wa kutoka Ilongero, akasema bila kusimama, "Boksi la kwangu nalo lina misumari. Tangu tisini na mbili." Hakuna aliyecheka tena. Mwingine nyuma akasema, "La kwangu tumewekea kuku." Aliyesema hakutania.

Mzee Anselm aliandika barua ya kumsafisha Eliana siku ileile. Kisha akamfungulia Chediel ofisi, akamsogezea simu, akatoka.

"Umesema mbele ya wote?" Eliana aliuliza. Habari ilikuwa imemtangulia; Mzee Anselm alikuwa amepiga kwanza.

"Mbele ya wote."

"Walicheka?"

"Walicheka sana."

"Vizuri." Waya ulivuma. "Mama alifariki, Chediel. Februari."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Barua zako sikuzifungua." Akasema polepole, "Alikuwa anauliza kila siku yule wa Desemba kapatwa na nini. Nikamwambia anaumwa. Na mimi nikawa muongo kwa ajili yako."

"Eliana, nije?"

"Usije na zawadi. Mshenga abaki kwanza. Njoo peke yako, ukasimame kwenye kaburi la mama, umwambie ulichowaambia Singida. Ukimaliza, nina kidato cha tatu wanaosubiri kufunga umeme."

"Nitafunga nao."

"Utaanza na balbu," alisema Eliana, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalegea kidogo. "Balbu kwanza, mwalimu wa fizikia."

Walioana Desemba ile, Manyoni, Eliana na gauni jeupe la kushonesha, Chediel na suti ya mtumba iliyombana mabega.

Kilichopotea ni hiki. Amita moja. Mwaka mmoja wa masomo Dar es Salaam, uliokwenda kwa Zefania, ambaye hakurudi kufundisha, na Eliana hakuitwa tena. Miaka minne ya wanafunzi wa Iguguno walioingia kwenye mtihani bila kugusa waya. Miezi tisa ya kimya. Barua tano.

Na sahani moja ya pilau, iliyopakuliwa siku ya harusi ikawekwa mezani mahali pa mama, ikapoa.