Kisanduku Namba Thelathini na Nane

Kilazo hufunga kifuniko chake polepole, na kabla hakijafunga kabisa husema kwa sauti ya kike, "Lala salama, tutaonana hewa ikisafika." Asubuhi ile katika Jiji la Kitulo, juu ya Nyanda za Juu Kusini, sauti hiyo ilikwisha kusikika mara mia tatu na ushei. Ndani ya kilazo damu ya mtu hutolewa na mahali pake hutiwa kimiminika kisichoganda, mwili hupozwa, moyo husimama, na mtu hazeeki hata siku moja. Watu laki mbili na elfu kumi na nne walikuwa wamelala hivyo chini ya mlima. Sasa ilikuwa zamu ya watu wa Lindi, ambako joto lilikuwa linaua mbuzi vivulini.

Wote hao waliahidiwa kuamshwa baada ya miaka themanini. Ahadi hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilitoka kwa Daktari Somoe Nandonde na mtambo wake uitwao Msomatope.

Msomatope ulikuwa mtambo wenye akili uliosoma hewa ya kale ndani ya mawe. Tope linalotuama chini ya bahari hugeuka mwamba, na kemia yake hutunza kumbukumbu ya hewa ukaa ya siku zile. Miaka milioni hamsini na sita iliyopita hewa ukaa iliwahi kufurika, dunia ikachemka, bahari ikawa na tindikali hata ikayeyusha maganda ya viumbe wake. Somoe aliuingizia mtambo mwamba wa zama hizo uliochimbwa Lindi, nao ukatoa jibu tamu: hewa ukaa ilipanda taratibu mno, kisha dunia ikaimeza upesi, kwa miaka elfu nne tu. Ikisaidiwa na mitambo ya kunyonya hewa, miaka themanini ingetosha. Serikali ilishangilia, na nani asingeshangilia? Somoe mwenyewe aliamini kiasi cha kumlaza Mwanahawa, bintiye wa pekee mwenye miaka tisa. Yeye alibaki macho kwa sababu mtambo ulihitaji msimamizi.

Alipopita kwenye foleni ya watu wa Lindi aliitwa. Aliyemwita alikuwa Fundi Mfaume Chilumba, mchimbaji aliyeutoa mwamba ule ardhini miaka kumi na miwili iliyopita.

"Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba, mwanangu. Bi Zuhura wangu ameshaingia tangu saa tatu. Mimi nimeomba kuchelewa kidogo, nikayaage mawe yangu."

Somoe alicheka, akampeleka ghalani. Humo miche ya mwamba, mirefu na ya mviringo kama mihogo, ililazwa katika visanduku vya mbao, kila mche na kisanduku chake. Mzee alivipapasa kimoja kimoja mpaka akafika namba thelathini na nane, kile kilichobeba zama zenyewe za joto. Hapo akasimama.

"Hiki nilikipanga kwa mkono wangu. Vijana wangu walikuwa na homa siku ile."

"Nakumbuka. Mvua ilifuta alama zote za chaki."

"Sasa mbona mmekigeuza? Mmeandika 'juu' upande wa kushoto."

"Juu huwa kushoto, Fundi. Visanduku vyote viko hivyo."

"Vya vijana, sawa. Wao walisoma shule. Mimi nimesoma chuoni kwa maalimu, mkono wangu huanza kulia, kama ninavyofungua msahafu. Si ulikuwa umekaa palepale chini ya turubai? Nikajua umeona."

Hakuwa ameona. Mwamba wa juu ni mpya kuliko wa chini, kwa hiyo mche ukigeuzwa, historia nayo husomwa kinyume. Kuuliza si ujinga, lakini mtu akishaitwa daktari swali dogo humkwama kooni. Isitoshe, kabla na baada ya joto lile hewa ilikuwa karibu sawa, kwa hiyo ncha za mche ule zililingana na za visanduku jirani hata ukiugeuza. Maganda ya viumbe, ambayo yangeonyesha upande ulio mpya na kumsuta, yalikuwa yameyeyuka.

Alimrudisha Fundi Mfaume kwenye ukumbi wa kungojea, akaenda kuamuru Msomatope usome upya, kuanzia kulia. Haikuchukua hata dakika moja.

"Mpangilio mpya," mtambo ulisema. "Hewa ukaa ilipanda kwa miaka elfu nne. Ilishuka kwa miaka laki moja na nusu. Muda wa kungojea, pamoja na msaada wa mitambo: miaka elfu tatu."

Kilazo kiliundwa kudumu miaka mia mbili. Somoe alitoka mbio kwenda ofisi ya mkurugenzi.

Mkurugenzi Mwambipile, mkuu wa mradi, alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe. Fundi anajua kisanduku kiligeuzwa, hajui maana yake. Mkurugenzi, simamisha watu wa Lindi, tuanze kuwaamsha wengine."

"Wale nini? Mawe yako? Ghala lina chakula cha watu elfu ishirini. Huko nje watakufa kwa joto na njaa, humu watakufa wakiwa usingizini."

"Wanaingia wakiamini wataamka!"

"Ndiyo maana wanaingia kwa utulivu." Alimsogezea karatasi. "Andika kwamba kosa limeonekana, na halina uzito. Kitanda cha kuamshia kipo, hakina mtu. Ukitia saini sasa, jioni una mtoto wako. Ukikataa, sitagusa kilazo hata kimoja."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mwambipile alikuwa mzazi, ndiyo maana alijua pa kubonyeza. Somoe aliwafikiria wale laki mbili. Aliwafikiria kweli, sitaki nimzulie, tena kwa muda mrefu. Kisha akatia saini.

Ukumbini Fundi Mfaume alisimama alipomwona.

"Vipi mwanangu, mkono wangu umeharibu kazi?"

"Haujaharibu kitu, Fundi. Tofauti ni ndogo sana."

"Alhamdulillahi! Nilishaogopa kwamba nimewaponza watu." Alivua kofia yake, akamkabidhi. "Basi uniweke karibu na Bi Zuhura. Yule hapendi kuamka peke yake."

Somoe alimshika mkono hadi kwenye kilazo kilichopakana na cha mkewe, akambonyezea kitufe mwenyewe. Alijiona mchafu kuliko alivyowahi kujiona maishani, na bado moyo wake ulikuwa unahesabu saa zilizobaki kufika jioni.

Mwanahawa alifumbua macho saa moja kasoro robo jioni. Midomo ilikuwa imempauka na vidole vilikuwa baridi, lakini alikuwa anapumua. Somoe alimkumbatia, akalia kwa furaha na kwa aibu, asijue kipi kinamliza zaidi. Mtoto alijinasua kidogo ili amtazame usoni.

"Miaka themanini imeisha, mama?"

"Kunywa maji kwanza, mwanangu."

"Mbona hujazeeka?"

Somoe alijishughulisha na kikombe. Mwanahawa akageuza shingo taratibu, akatazama chumba kile chenye kitanda kimoja.

"Na wengine wanaamka lini?"