Aliyekaribishwa Mezani

Mpima ardhi alikuwa ameketi na dada yake na binti yake, ameinamia meza, anachana mkate wa moto, mtu aliposimama kando yao. Hakuinua macho. Alisema tu, kama asemavyo yeyote anayekutwa akila, "Karibu tule."

Jibu lake linajulikana. Mtu husema asante, endeleeni, akapita zake.

"Nimekaribia," ilisema sauti, na kiti kilichobaki kikavutwa.

Alipotazama, kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma kiasi cha mtu kuketi. Kilikuwa kitupu.

"Umesikia?" alimuuliza dada yake.

"Nimesikia njaa. Chovya, kabla sijakimaliza chakula."

Ulikuwa mkahawa wa Walebanoni, wa meza za plastiki na feni za darini, ambapo chakula huwekwa katikati na kila mtu huchovya mkate wake. Dada yake ndiye aliyeuchagua, kwa ajili ya Chiriku, binti wa mpima ardhi. Tangu mama yake afe, mtoto huyo alikuwa anafumba mdomo akiona kijiko. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa kupenda kusema. Siku hizi alijibu kwa kutikisa kichwa. Mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kuonekana chini ya gauni, na daktari alikuwa ametaja mpira wa kupitishia chakula puani.

"Tumpeleke pasipo na sahani yake peke yake," shangazi mtu alikuwa ameshauri. "Asione kama yuko kwenye mtihani."

Sasa alimnong'oneza kaka yake, "Usimkodolee macho. Mtazame mpishi."

"Mpishi ana nini?"

"Ana mikono mizuri na hana pete. Tazama wewe, mimi nimeshatazama."

Mpima ardhi alitabasamu kidogo, akatazama hamus, ile rojo nzito ya dengu na ufuta iliyokuwa katikati ya meza. Kazi yake ilimzoesha kuona mistari. Mkate huacha alama fupi, pana, za kukwangua. Lakini upande wa kile kiti kitupu palikuwa na mifereji ya vidole, myembamba, mirefu kuliko vidole vyake mwenyewe, na mafuta ya zeituni yalikuwa bado yanatiririka kuijaza.

Kisha akamsikia Chiriku akimeza.

Mtoto alikuwa amekigeuzia uso kile kiti, mdomo wazi. Alimeza, akafungua tena. Baba yake hakuthubutu kupumua. Kwa muda alichokiona kilikuwa kimoja tu: mwanawe anakula.

Mhudumu alikuja na kikapu cha mkate. Ili afike mezani ilimbidi ajibane apite nyuma ya kile kiti. "Samahani, mama," alisema kwa heshima, akaweka kikapu, akaenda zake.

Mkono wa shangazi ulikwama njiani kuelekea mdomoni. Akaushusha. Akaanza kusoma dua chini chini, midomo ikicheza bila sauti.

"Chiriku," baba alisema polepole, "nani anakulisha?"

"Uliyemkaribisha."

Swali lililofuata hakujua kama aliliogopa jibu lake au alilitamani. "Ni mama?"

Mtoto alifikiri. "Hapana. Mama alikuwa anapuliza chakula kikiwa cha moto. Huyu anakitafuna kwanza."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, harufu ya tanuri lililozimwa miaka mingi na kunyeshewa mvua ndani, na chini ya kelele za sahani na feni akaanza kusikia mtafuno, wa polepole, wa majimaji, wa kinywa chenye meno mengi kuliko yanavyohitajika, ukaendelea, ukakoma, na mdomo wa mwanawe ukafunguka, midomo ikatanuka kukizunguka kitu ambacho yeye hakukiona, koo dogo likapanda na kushuka, na mtoto akalamba midomo na kungoja tena kama kinda kwenye kiota.

"Hilo ni jini," dada yake alinong'ona. "Mwondoe. Mimi nasoma lakini hanisikii, maana si mimi niliyemwita. Ni mgeni wako."

"Anakula, dada."

"Naona anakula. Mimi nakuuliza anakula nini."

Mpima ardhi alisimama, akashika ukingo wa meza. "Mgeni," alisema, na sauti ilimtoka ndogo, "chakula kimekwisha. Hatuna zaidi. Nenda salama, na mtoto wangu umwache."

Feni ziliendelea kuzunguka. Kiti kikarudishwa mezani taratibu, kama afanyavyo mtu aliyelelewa vizuri. Mlango wa kioo ukafunguka, ukajifunga. Harufu ikakatika.

Chiriku alifumba mdomo.

Hakuufumbua kwa uji, wala kwa maziwa, wala kwa mkate wa asali ambao shangazi yake alimkatia vipande vidogo huku akimwimbia. Hospitali walimpitishia mpira. Kila kilichoingia kilirudi. Walimrudisha nyumbani amebebwa, mwepesi kama nguo zilizotoka kuanuliwa, na daktari akamshika baba mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida ya madaktari.

Mchana mmoja, shangazi akiwa amekwenda dukani, mpima ardhi alipakua wali. Alimkalisha mtoto mezani, akamwekea mto asianguke. Akavuta kiti cha kando ya mtoto. Alisimama pale, mkono juu ya mgongo wa kiti, mpaka wali ukaacha kutoa mvuke. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba chakula kiko tayari, akaenda kwenye beseni la vyombo na kuwapa mgongo.

Nyuma yake kiti kilisogea. Ukaja mtafuno mzito, wa polepole. Ukanyamaza. Kisha mwanawe akameza.

"Baba," alisema Chiriku, kwa ile sauti yake ya zamani, ya kupenda kusema, "anauliza mbona wewe huli."

Mpima ardhi akafungulia bomba la maji mpaka mwisho.