Pumzi Ndani ya Taa

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja.

Mjomba alikuwa fundi wa kung'arisha taa za magari. Unavijua vile vioo vya plastiki vya mbele, vinavyopigwa na jua mpaka vinakuwa vya manjano, vyenye utando kama jicho la mbuzi mzee? Hivyo ndivyo vilivyomlisha. Alivipiga msasa na maji, kwanza wa punje nene, kisha laini, kisha laini zaidi. Akapaka dawa ya kung'arisha, na mwisho akavifunika kwa vanishi ya kuzuia jua. Kazi ya kuumiza mabega. Watu wakambandika jina la Daktari wa Macho, naye akalipenda kweli.

Asubuhi moja alikuja mkunga wa mtaa wetu na kigari chake kikuukuu. Mama huyo ndiye aliyenipokea mimi duniani, mimi na binamu zangu wote.

"Daktari, hebu nitazamie macho ya huyu mzee," akasema akicheka. "Jana nusura nikanyage kuku wa watu."

Siku hiyo mjomba alikuwa na haraka; marafiki walikuwa wakimngoja waende mpirani. Mkunga alipoenda kukaa kivulini, mjomba akachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, akafuta. Vioo vikang'aa palepale kama vipya. Alijua vizuri kwamba mng'aro ule ulikuwa wa kuazima. Mvua ya kwanza ingeuosha, na taa zingefifia kuliko mwanzo. Akajisemea moyoni, nitamwita siku nyingine nimfanyie kwa haki.

"Mikono yako isikauke, baba," mkunga akamwombea.

Hakumwita.

Mvua zikaanza. Jioni moja mkunga aliitwa kwa mama mmoja aliyeshikwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Njiani akalivaa kwa nyuma lori bovu lililoachwa barabarani bila alama yoyote. Akafia hapo hapo. Yule mama alisubiri, akasubiri, mwisho akajifungua peke yake. Mtoto akatoka kimya. Hakuvuta hata pumzi moja.

Mtaa mzima ulimlaani mwenye lori. Mjomba alibeba jeneza, akatupia udongo, akalaani pamoja nao.

Haukupita muda mrefu, muuza vipuri aliyenunua mabaki ya kile kigari akamletea taa moja iliyosalimika. "Ing'arishe, Daktari. Kuna mtu anaitaka." Mjomba alitaka kukataa. Lakini akikataa, ataulizwa kwa nini. Akaipokea.

Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, barabara imejaa watu. Akapiga msasa, umanjano ukatoka. Akasuuza, akafuta. Ukungu bado upo. Akapitisha kidole juu ya kioo, kilikuwa laini kabisa.

Ukungu ulikuwa ndani.

Si ajabu, taa huingia unyevu. Akailainisha gundi kwa hewa ya moto, akabandua kioo, akakausha kila pembe, akakibandika upya. Akainua taa juani. Safi.

Kisha ikashika ukungu. Ikatakata. Ikashika tena.

Taratibu. Kwa mpigo. Kama mtu aliyeegemeza uso kwenye kioo, anahema.

Mjomba akasogeza sikio. Hadi leo hajui kwa nini alifanya hivyo.

"Daktari," kitu kikanong'ona. "Sioni njia."

Akaifunga ndani ya gunia, akamwambia muuza vipuri kwamba imepasuka. Lakini tangu siku hiyo kila taa aliyoishika ilipata ukungu kwa ndani. Wateja walirudi wakifoka. Akakonda, nguo zikamning'inia. Mama yangu, anayemjua kaka yake kama kiganja chake, akamkalisha jikoni kwetu.

"Kaka, mficha uchi hazai. Sema."

Akasema yote. Mimi nilikuwa namenya viazi pale pale. Kisu kikanisimama mkononi.

Mama akamsindikiza kwa mume wa marehemu, fundi cherehani. Yule mzee alisikiliza mpaka mwisho, mguu umetulia juu ya kanyagio.

"Nilijua," akasema polepole. "Jioni ile aliniambia mwenyewe kwamba taa hazioni tena. Nikamwambia, kesho mrudie fundi. Akanijibu, 'Muache bwana, ataona haya.'"

Mama anasema mjomba alipiga magoti akalia, akimwomba yule mzee ampige. Mzee hakumpiga. Alirudi kwenye mshono wake, na hilo ndilo lililomuuma mjomba zaidi.

Waliporudi wakafungua gunia. Kioo kilikuwa kikavu, kimetulia. Mjomba akakipiga msasa upya hatua kwa hatua, akakipaka vanishi, kazi ile ile aliyopaswa kuifanya tangu mwanzo. Akaiweka taa juu ya kabati chumbani kwake. Hajashika nyingine tena. Siku hizi anaziba pancha.

Nilimtembelea majuzi, mchana. Nikaiteremsha ile taa nikaigeuzageuza.

"Mbona iko safi, mjomba?"

"Tazama pembeni, chini."

Nikatazama. Palikuwa na kiduara cha ukungu, kidogo kama kifungo cha shati. Kikapotea. Kikarudi. Kikapotea. Haraka haraka, kama kifua cha mtoto mchanga.

"Kwa mzee wa cherehani nilikwenda," mjomba akaninong'oneza, macho yake chini. "Kwa yule mama aliyejifungua peke yake, miguu imekataa."

Nikapasugua kwa kidole gumba.

Nje ya kioo palikuwa pakavu.