Siku Rupsi Alipokataa Kuinua Tenga

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Rupsi alikuwa na kazi moja: kumfunga mama yake mshipi. Si mshipi wa ngozi, ni kile kitambaa kirefu cha mikono tisa ambacho wanawake wa huku kwetu milimani hujizungushia kiunoni. Mama yake, Dilsari, alijizungusha polepole huku ameshika ncha moja. Rupsi aliivuta ncha nyingine kwa nguvu zake zote za miaka kumi na miwili.

"Vuta! Jana ulikula upepo?" Dilsari alisema.

"Nikivuta zaidi utakatika vipande viwili, Mama."

"Basi vipande viwili vitabeba matenga mawili. Vuta!"

Dilsari alikuwa mchukuzi. Yeye na wanawake wenzake tisa walipandisha mchanga na mawe kutoka mtoni hadi mahali palipojengwa madarasa mapya. Tenga hukaa mgongoni, na ukanda wake hupita kwenye paji la uso. Likishajaa, huwezi kusimama nalo peke yako. Unachuchumaa, unavaa ukanda, na mwenzako anainua tenga kwa chini huku wewe ukinyanyuka. Shule ilianza saa nne, kwa hiyo Rupsi ndiye aliyekuwa akimwinulia mama yake asubuhi.

Mshipi ule ulikuwa na siri. Miaka saba nyuma, alipomzaa mdogo wa Rupsi, Dilsari alirudi kubeba kuni siku ya kumi na mbili. Tangu hapo mji wake wa mimba ukaanza kushuka. Mwanzo ulikuwa kidogo tu, lakini sasa ulikuwa ukitoka nje kabisa na kuvuta kibofu pamoja nao. Akikohoa, mkojo unamtoka. Akicheka, hivyo hivyo, ndiyo maana alikuwa ameacha kucheka mbele za watu. Aliamini kwamba mshipi ukikazwa sana, kila kitu kitarudi mahali pake. Wanawake wengi wa huku wanaamini hivyo, na kwa kuwa hakuna anayethubutu kuuliza, hakuna anayesahihishwa.

Hatimaye maumivu yalimshinda. Akashuka na Rupsi hadi hospitali ya wilaya, safari ya saa tano, ili binti amsomee karatasi.

Daktari alimpima, kisha akaeleza taratibu. "Tutakufanyia upasuaji. Tutauondoa mji wa mimba, na kibofu tutakishona kikae mahali pake. Utapona, na hutalipa kitu. Lakini si leo. Una kidonda pale panaposuguliwa, na damu yako ni chache. Rudi baada ya wiki tatu. Kidonda kikiwa kimepona, tutaendelea. Kisipopona, itabidi usubiri hadi mwakani, maana madaktari wa upasuaji huu huja huku mara moja tu kwa mwaka."

Muuguzi, Sista Mandira, akampa dawa ya kupaka na vidonge vya kuongeza damu.

"Kula dengu na mboga ya haradali kila siku," alisema. "Usibebe kitu kizito, hata ndoo ya maji. Na huo mshipi, dada yangu, ulegeze. Unapojikaza juu unasukuma vitu chini."

Rupsi aliona uso unawaka kwa aibu. Siku zote alidhani anamsaidia mama yake.

"Nitakupigia simu kila Jumamosi," Sista Mandira akaongeza. "Rupsi, wewe utaniambia kama mama anabeba mizigo."

Njiani kurudi, Dilsari alimshika binti yake mkono. "Haya mambo yabaki tumboni mwako. Wachukuzi wakijua, nitakuwa hadithi ya kila kisima."

"Lakini utaacha kubeba?"

"Nikiacha bila sababu, wataniita mvivu. Nikisema sababu, aibu. Sasa nifanye lipi?"

Katika masharti yote ya hospitali, la kulegeza mshipi na la vidonge ndiyo pekee Dilsari aliyoyafuata. Asubuhi iliyofuata alikuwa mtoni, na binti yake alikuwa nyuma yake akimwinulia tenga.

Jumamosi simu ikalia. Mama akamkazia Rupsi macho.

"Mama anabeba?" aliuliza Sista Mandira.

"Hapana, Sista."

"Hongera! Wewe ndiye daktari wangu mdogo."

Siku hiyo uji wa ulezi ulimshinda Rupsi kumaliza, yeye ambaye kwa kawaida hulamba sufuria.

Siku tano baadaye, Rupsi alikuwa akifua nguo kisimani alipoona damu kwenye nguo ya ndani ya mama yake. Ilikuwa mbichi na nyingi kuliko awali. Akaelewa mara moja kwamba kidonda hakikuwa kinapona bali kinapanuka. Aliketi kwenye jiwe akalia. Alimlilia mama yake, na alijililia mwenyewe pia, kwa ule uongo wake wa neno moja.

Kesho yake mtoni, Dilsari alichuchumaa mbele ya tenga lililojaa mchanga uliolowa. Akavaa ukanda kwenye paji la uso.

"Inua," alisema.

Rupsi hakusogea.

"Rupsi! Inua."

"Siinui, Mama."

Wachukuzi wakaangua kicheko. "Leo binti kagoma!" mmoja akapaza sauti. "Anataka nyongeza ya mshahara!"

Kiongozi wao, Thulimaya, alikuja akipangusa mikono kwenye sketi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mpana wa mabega, mwenye sauti ya kufukuza nyati shambani. "Tupishe, mtoto. Nitamwinulia mimi."

Rupsi akajitupa juu ya tenga, akalikumbatia kwa mikono yote miwili. Mchanga ukamwagikia sare yake ya shule.

"Usimwinulie, Mama Mkubwa! Nakuomba! Akibeba hili hatapasuliwa!"

Kicheko kikakatika. Dilsari alibaki amechuchumaa, ukanda ungali kichwani, macho chini. Angeweza kusema mtoto ana homa, au anaota. Badala yake akauvua ukanda.

"Kweli anayosema," alisema kwa sauti ndogo. "Mji wa mimba umenishuka. Miaka saba sasa. Hospitali wamenikataza kubeba, mimi nimewadanganya. Nimemfanya na mtoto adanganye."

Rupsi alisubiri maneno ya dhihaka. Thulimaya akamsogelea Dilsari.

"Wewe mwanamke una wazimu?" akafoka. "Miaka saba unapanda nyuma yangu, unanisikia nikiguna, na huniambii neno? Unafikiri mimi naguna kwa sababu ya nini? Mimi ninao ugonjwa huo tangu nilipomzaa msichana wangu wa kwanza. Miaka ishirini na nane!"

"Na mimi," alisema mwingine, taratibu.

Hapo Dilsari akacheka na kulia kwa pamoja, na kama mkojo ulimtoka, hakujali.

Thulimaya hakuwa mtu wa kukaa na machozi. Palepale akatoa amri. "Dilsari hagusi tenga tena. Atakaa juu kwenye ujenzi, juu ya kigoda, si kuchuchumaa. Atatupikia chai na kuwatazama watoto wetu wachanga wanaolala kwenye vumbi. Nyasi za nyati wake wa maziwa tutakata kwa zamu, kama tunavyosaidiana wakati wa kupanda mpunga. Akipona, atatulipa kwa siku zake za kazi. Na matenga yasijazwe hadi mdomoni tena. Mkandarasi akinung'unika, aje abebe yeye."

Jioni ile Rupsi hakungoja Jumamosi. Alimpigia Sista Mandira mwenyewe. "Sista, nilikudanganya. Mama alikuwa anabeba. Ana damu."

"Asante kwa kuniambia," Sista alisema. "Zimebaki siku kumi na moja. Mlete kesho nikisafishe kidonda. Halafu apumzike kweli."

Safari hii alipumzika kweli. Dengu aliletewa, mboga aliletewa, hata maini ya mbuzi yalitoka kwa jirani ambaye hawakuwa wakisalimiana. Siku ya miadi daktari alimpima mara mbili.

"Kidonda kimefunga, na damu imepanda," alisema. "Kesho asubuhi wewe ni wa kwanza."

Siku mbili baada ya upasuaji, Rupsi aliruhusiwa kumwona mama yake. Dilsari alikuwa amedhoofika lakini anatabasamu. Miezi mitatu hatabeba kitu, na safari hii kijiji kizima kinajua kwa nini.

Kwenye benchi la nje Rupsi alimkuta Thulimaya, kadi mpya ya hospitali mkononi.

"Mama Mkubwa! Umekuja kumwona Mama?"

"Huyo nimeshamwona. Nimekuja kupimwa." Akamvuta Rupsi aketi karibu naye. "Sikiliza. Siku ile mtoni nilitaka kukuzaba kofi. Baadaye nikafikiri, mtoto huyu amesema kwa dakika moja lililonishinda miaka ishirini na nane. Ugonjwa si kosa, mwanangu, hauna sababu ya kufichwa. Mtu anayekutibu mwambie kweli yote, hata ile inayokuaibisha, kwa maana hawezi kutibu asichokijua. Na ukimpenda mtu, usimsaidie kujiumiza, hata akikuamuru."

Sista Mandira akafungua mlango. "Anayefuata!"

Thulimaya alisimama, akakaa, akasimama tena. "Twende wote," alimnong'oneza Rupsi. "Mimi peke yangu nitasema nimekuja kwa sababu ya jino."