Kaa wa Msimu kwa Fundi

Cherehani ya Fundi ilikuwa sebuleni, karibu na dirisha. Hapo alishona sare za shule, mapazia na magauni ya harusi. Mume wake alikuwa kinyozi, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili. Mtaani wote walimwita mwanamke huyu Fundi, naye alilipenda jina hilo.

Ulikuwa msimu wa kaa. Sokoni matenga yalijaa. Jirani wa ukuta kwa ukuta aliuza kaa huko, mama mmoja mwenye sauti nene. Watu walimpa jina la Mama Magando. Gando ni mkono wa kaa, ule wa kubania. Mama huyu akishika bei yake, haachii.

Jioni moja kinyozi alirudi na habari.

"Mama anakuja Jumamosi. Anafuatana na dada."

Fundi akasimamisha cherehani. Mama mkwe hakuwa na neno. Mwenye maneno alikuwa wifi. Wifi alikaa mbali na bahari, na safari iliyopita aliisukuma sahani ya samaki. Alisema, "Wifi, huku kwenu hamna chakula. Mnaokota tu vinavyotambaa."

"Nitanunua kuku," kinyozi alisema.

"Kuku kwao wamejaa mpaka uvunguni. Mimi nimezaliwa hapa. Mgeni wangu atakula cha hapa. Nitapika kaa."

"Unajua kumpika?"

"Nimemla tangu sijaota meno."

"Sikuuliza kumla."

Fundi akaanza kushona tena, kwa kelele. Mama yake ndiye aliyepika kaa miaka yote, na sasa hayupo. Fundi alimjua kaa akiwa ameshaiva. Akiwa hai, hakuwahi kumshika.

Aliona haya kumwuliza jirani. Alhamisi alinunua kaa kwa mchuuzi aliyepita barabarani. Akawatia kwenye ndoo, akajaza maji ya bomba, akafunika vizuri ili wasitoroke.

Asubuhi ndoo ilikuwa kimya. Kaa wote walikuwa wamelegea.

"Wamelala," kinyozi alisema.

"Mume wangu, nenda kazini."

Fundi akabandika sufuria jikoni. Alijiambia kwamba bado hawajanuka, na moto mkali utawafaa. Wakati huohuo Mama Magando aliingia kuchukua gauni lake. Akaiona ndoo.

"Jirani, umewazamisha kaa?"

"Kaa anazamaje? Si wa majini?"

"Hupumua hewa iliyomo majini. Kwenye ndoo yenye kifuniko, hewa inaisha. Tena maji ya bomba hayana chumvi aliyoizoea. Ni kama kumfungia mtu kabatini, halafu umshangae kwamba kafa."

"Basi niwachemshe haraka. Wifi na mama mkwe wanakuja kesho."

Mama Magando akazima jiko mwenyewe.

"Usithubutu. Kaa akifa, nyama yake inaharibika upesi, hata kabla hujasikia harufu. Na sumu nyingine haiondoki kwa moto. Unataka wifi yako akuseme akiwa chooni?"

Fundi akaketi juu ya kigoda. Macho yalimjaa machozi.

"Basi nitapika kuku. Atanicheka, na mimi nitacheka naye."

"Nani? Mimi muuza kaa niishi hapo ukutani, halafu jirani yangu ajifiche nyuma ya kuku? Haiwezekani. Kesho asubuhi tunakwenda wote sokoni. Ila kwanza piga simu. Waulize wageni kama wanakula kaa. Waulize pia kama kaa au kamba huwawasha mwili, au huwavimbisha midomo. Mtu wa hivyo asionje hata mchuzi."

Wale waliokufa wakafukiwa nyuma ya nyumba. Fundi akapiga simu.

"Kaa?" Wifi alicheka. "Mmefilisika huko? Mimi siwashwi na kitu, wala mama. Lakini wifi, unampa mama mdudu?"

Nyuma yake ilisikika sauti ya mama mkwe. "Mwambie nitakula anachokula yeye."

Jumamosi, jua likiwa halijapanda, majirani wawili walisimama mbele ya tenga.

"Mguse miguu," Mama Magando alisema. "Akiirudisha haraka, ni mzima. Sasa mshike kwa nyuma, mbali na magando. Mpime mkononi. Awe mzito kuliko anavyoonekana."

Fundi akamshika wa kwanza. Akampima mkononi.

"Mbonyeze hapa chini, kifuani."

"Anabonyea."

"Mrudishe. Huyo katoka kujivua gamba, ndani ni maji matupu. Tunataka mgumu."

Kaa mmoja alibeba mayai mengi chini ya tumbo. Mama Magando akamtenga kwenye beseni lake la maji ya bahari.

"Huyu nitamrudisha majini. Tukimla leo, msimu ujao tutakula hadithi."

Waliochaguliwa walifungwa magando kwa kamba. Wakalazwa kwenye kikapu chenye upepo, wakafunikwa gunia bichi, wakakaa kivulini mpaka saa ya kupika. Hakuna aliyekufa.

Kabla ya kuwapika, Fundi aliwalaza kwenye barafu hadi wakapoa na kutulia kabisa. Maji ya chumvi yalikuwa yanatokota. Akawatumbukiza. Punde wakawa wekundu kama pilipili.

"Niipue?"

"Huo wekundu ni wa gamba tu. Ndani anaweza kuwa mbichi. Mpe robo saa, na mkubwa umwongeze kidogo. Kisha vunja mmoja utazame. Nyama iwe nyeupe, ising'ae kama kioo, na iachie gamba bila ugomvi."

"Na nikizidisha?"

"Utatafuna uzi wa cherehani yako."

Fundi alivunja mmoja. Nyama ilikuwa nyeupe. Akaonja kipande. Kilikuwa na utamu wake wenyewe, kabla hata ya kitunguu. Ladha ile ilikuwa ya nyumbani kwa mama yake.

Walifungua magamba. Walitupa yale manyoya ya kijivu, kaa anayopumulia, na kifuko cha chakula kilicho nyuma ya macho. Nusu ya kaa Fundi aliwageuza kwenye mafuta yenye kitunguu saumu na pilipili, akawakamulia ndimu. Nusu aliwatia kwenye mchuzi mzito wa nyanya na tangawizi.

Wageni walifika na njaa ya safari. Sahani kubwa ikawekwa mezani, nyekundu, inafuka moshi.

"Kinaitwaje hiki, mwanangu?" mama mkwe aliuliza.

"Kaa, mama."

"Nimeshakaa. Nauliza chakula."

Alisema hivyo kwa uso mkavu, kisha akacheka yeye wa kwanza. Fundi akamchambulia nyama ya gando, akaiweka kwenye sahani yake. Mama mkwe aliila yote. Akanyoosha mkono kuchukua tena.

Wifi alikuwa ameshika kipande kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota soksi ya mwenzake. Akaonja. Akaonja tena. Mchuzi ukamtiririka mpaka kiwiko.

"Dada, vipi?" kinyozi aliuliza. "Mdudu huyo anauma?"

"Usinisemeshe. Nina kazi."

Akagonga gando kwa mchi, akafyonza, akatafuta lingine. Halikuwapo. Mama yake alikuwa nalo.

"Wifi," alisema hatimaye, "hawa uliwanunua wapi?"

"Nimewachagua mwenyewe," Fundi alijibu. "Mmoja mmoja, kwa mkono huu. Tena nimewapika mwenyewe."

"Kesho nionyeshe."

Asubuhi walikwenda sokoni pamoja. Wifi alijifunga kanga kiunoni. Akamshika kaa kwa nyuma, akampima mkononi, akambonyeza kifuani. Akamrudisha tengani.

"Huyu laini, mama. Tupe mgumu. Na usitutazame kama wageni, tunajua kuchagua."

Mama Magando akaweka mikono kiunoni.

"Fundi, huyu mkali ni wa wapi?"

Fundi akasogeza kikapu karibu na wifi yake.

"Wa kwetu," alisema.