Nyuso Zilizotoka Gizani

Kila Jumamosi, akishafua sare zake na kumaliza zamu yake ya kuosha vyombo, Chapuchapu alikwenda studio kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa na baba yake, na hakuna aliyeuliza sababu. Alikula chapuchapu, alioga chapuchapu, na alifagia chapuchapu hata vumbi la pembeni likabaki palepale likimtazama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na majirani walisema hawajawahi kumwona akitembea mahali penye nafasi ya kukimbia.

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na benchi la wateja, kioo cha kujitengenezea, na picha za maharusi ukutani. Nyuma ya pazia palikuwa na kompyuta, printa kubwa ya picha, na feni iliyolalamika mchana kutwa kama mtu aliyecheleweshewa mshahara.

Shangazi hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao haukuvunjwa. Akirudi kutoka kwenye shughuli, hata viatu hajavua, huchomoa kadi ndani ya kamera na kunakili picha zote mahali pawili: kwenye diski ya kazi na kwenye diski ya akiba. Kisha huchambua picha nzuri na mbaya, husahihisha mwanga na rangi, na mwisho huchapisha.

Chapuchapu alipenda zaidi hatua ya kusahihisha. Shangazi alikuwa na programu yenye mistari myembamba upande wa kulia wa skrini, na juu ya kila mstari kijiduara cha kusogezwa kwa kipanya. Kijiduara kimoja kikisogezwa kidogo tu, anga iliyofifia ilirudi kuwa ya buluu. Kingine kikiguswa, nyuzi za shela ya bibi harusi zilionekana moja moja. Msichana alikuwa akisahau kufumba mdomo.

"Na mimi nifundishe hiyo, shangazi," alikuwa akiomba.

"Jifunze kuchambua kwanza," shangazi alijibu kila mara. "Asiyejua kutazama atasahihisha nini?"

Jumamosi moja, kwa mara ya kwanza, shangazi alimwachia kiti. Kazi yenyewe ilikuwa ya sherehe ya kumuaga mkunga wa kituo cha afya, mama aliyestaafu baada ya kuzalisha karibu nusu ya mji.

"Sikiliza," shangazi alisema. "Kila picha ifungue ijae skrini nzima. Angalia macho ya watu, angalia walio nyuma, angalia na pembeni. Iliyo nzuri ipe nyota. Iliyoharibika kabisa, bonyeza X. Ukiwa na shaka, iache. Na usifute kitu chochote mpaka nije nikague. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, shangazi."

Shangazi akaenda mbele ya pazia kuwapiga wateja picha za vitambulisho. Chapuchapu akaanza vizuri. Alifungua picha moja, akaitazama, akaipa nyota. Akafungua nyingine. Watu walikuwa wakicheka, wakikumbatiana, wakikata keki. Mara akasikia mluzi dirishani. Alikuwa rafiki yake wa jirani, aliyeitwa Filimbi kwa sababu mdomo wake haukujua kunyamaza.

"We Chapuchapu! Mechi inaanza! Kipa wetu ana homa, unadaka wewe."

"Nina kazi. Nipe dakika chache."

"Dakika zako au za kwenye saa? Watatupiga mabao hao!"

Filimbi akaondoka mbio. Chapuchapu akatazama skrini, akaona picha zilizobaki bado ni nyingi. Akapata wazo. Badala ya kuifungua kila moja, alizipunguza zote zikawa vijipicha vidogo kama stempu, akawa anazipitia kwa jicho moja huku jingine likiwa dirishani. Nyota, nyota, X. X, nyota, X. Akakutana na moja nyeusi tii, kama mtu aliyepiga picha ndani ya mfuko. Hata hakusita. X.

Alipofika mwisho, programu ikamuuliza kama angependa zilizokataliwa zifutwe moja kwa moja. Alikumbuka alichoambiwa. Lakini aliona orodha ikiwa safi, shangazi atajua kazi imeiva, naye hatarudishwa kwenye kiti. Akabonyeza ndiyo. Zikapotea zote mara moja, bila hata sauti.

"Nimemaliza!" alipaza sauti akipita kwenye pazia.

"Mara hii? Umezifungua zote?"

"Zote, shangazi. Moja moja."

Na miguu yake ilikuwa tayari barabarani.

Aliporudi alasiri, magoti yamejaa vumbi na timu yake imefungwa, alimkuta mkunga ameketi kwenye kiti chake mbele ya kompyuta. Alikuwa mama mnene, mwenye mikono mipana na sauti ya upole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo uone tulivyopendeza."

Shangazi alimwonyesha picha za nyota alizokwisha kuzisahihisha, na mkunga akacheka kila alipojiona. "Hapa nimefungua mdomo kama ninaimba, kumbe ni keki!" Zilipokwisha, akauliza, "Na ile ya wakati umeme ulipokatika?"

"Nilipiga moja," shangazi alisema, "lakini flashi iligoma, na kamera ilikuwa imepangiwa mwanga wake, sijui ilitoka vipi. Chapuchapu, uliiona?"

Chapuchapu alijipangusa vumbi magotini. "Hapana, shangazi. Haikuwepo. Pengine kamera haikuipiga."

"Una hakika?"

"Nilizitazama zote."

Mkunga akatikisa kichwa taratibu. "Haidhuru. Ni kwamba ile ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Giza lilipoingia ukumbini nilidhani watu watatoka. Hakutoka mtu. Nikasikia sauti moja kule nyuma, 'Mimi hapa, mama, ulinizalisha.' Ikaja nyingine, 'Na mimi hapa.' Na nyingine. Wakawasha taa za simu zao wakaziinua juu. Lakini mimi nilikuwa nalia, macho yamejaa machozi, sikuona sura hata moja. Kesho nahamia kwa mwanangu, mbali sana. Nilisema angalau picha itanionyesha ni akina nani walioniitikia."

Feni ikaendelea na malalamiko yake. Mkunga akafungua mkoba kutafuta leso, na shangazi, ambaye siku iliyofuata alikuwa na kazi ya mashindano ya michezo ya shule, akaichukua diski ya akiba akaichomeka kwenye kompyuta.

"Basi kama mama umeridhika na hizi, hii naisafisha nipate nafasi ya kazi ya kesho," alisema.

Chapuchapu alisikia maneno hayo kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Ndani ya diski ile picha zote zilikuwa bado zipo, na ile nyeusi ikiwamo. Hakuna mwingine aliyejua. Akinyamaza, hakuna atakayemgundua milele, na mkunga atapanda basi kesho bila kujua alikosa nini. Akisema, shangazi ataujua uongo wake wote, wa asubuhi na wa sasa hivi. Akaona kidole cha shangazi kikishuka kwenye kipanya.

"Shangazi, usifute!"

Wote wawili wakageuka. Sauti ilikuwa imetoka kubwa kuliko alivyotaka.

"Sikuzifungua," alisema, na machozi yakaanza. "Nilizitazama zikiwa ndogo tu, nilikuwa nawahi mechi. Ilikuwepo moja nyeusi. Niliikataa, halafu nikazifuta zote zilizokataliwa. Nilikudanganya, shangazi. Nisamehe. Bibi, nisamehe na wewe."

Alingoja makaripio. Shangazi aliondoa mkono kwenye kipanya, kisha akavuta kigoda. "Kaa hapa. Tuitafute."

Waliipata katikati ya diski: mstatili mweusi, mweusi kabisa. Mkunga akainama karibu na skrini, akajikuna shavu. "Mwanangu, hapa hakuna kitu."

"Subiri, mama. Hii ni picha mbichi. Simu huipika picha palepale na kuyatupa maganda. Kamera hii haitupi kitu. Mwanga wote ulioingia, hata ule mdogo ambao jicho haliuoni, umo humu humu." Akaisukuma kibodi kando, akamkabidhi Chapuchapu kipanya. "Shika wewe. Mstari wa kwanza. Polepole. Nimesema polepole."

Chapuchapu akakishika. Akasogeza kijiduara kidogo. Hapakutokea kitu. Akasogeza tena. Ule weusi ukalegea, ukawa kama moshi, na ndani ya moshi zikatokea nuktanukta za mwanga.

"Taa za simu," mkunga alinong'ona.

"Mstari wa pili sasa, wa vivuli," shangazi alisema.

Chapuchapu akasogeza. Chini ya kila nukta kikaanza kujitokeza kitu: mkono ulioinuliwa, bega, kilemba, kisha uso. Si uso mmoja. Nyuso zilikuja zikifuatana, safu kwa safu, kutoka mbele hadi kwenye ukuta wa nyuma, kana kwamba watu walikuwa wamesimama humo ndani muda wote wakingoja kufunguliwa mlango. Wazee, vijana, mama mwenye mtoto mgongoni, watoto waliobebwa mabegani. Ukumbi mzima ulikuwa mle ndani ya ule mstatili mweusi.

Picha ilikuwa bado imejaa chengachenga, kama mchanga uliomwagwa juu yake. Shangazi akamwonyesha sehemu nyingine ya programu, inayozipunguza. Kompyuta ilifikiri, ikafikiri, na mchanga ukatulia. Macho ya watu yakaonekana.

Mkunga alisimama. Aliweka kidole karibu na skrini bila kuigusa. "Huyu ni fundi cherehani, alizaliwa mvua ikinyesha ndani ya wodi. Hawa ni pacha, mmoja alikataa kulia mpaka nikamfinya. Huyu sasa ni mwalimu! Yaani na mwalimu alikuja?" Kila jina lilitoka na kicheko, na kila kicheko kilitoka na chozi. Kidole kikaenda mpaka safu ya nyuma kabisa, kikasimama juu ya mwanamume mrefu aliyeinua simu yake kuliko wote. "Na huyu! Huyu alinitoa jasho. Alitanguliza miguu. Nilimwambia mama yake, huyu mtoto ana haraka, hata kichwa hakukingoja."

Chapuchapu akasogea, akatazama vizuri, akashika mdomo.

"Shangazi! Ni baba!"

"Ndiye," shangazi alisema akicheka. "Kaka yangu huyo. Aliniambia yuko safarini usiku ule. Kumbe alipitia ukumbini kimyakimya."

Chapuchapu hakucheka. Alikuwa akiufikiria ule mstatili mweusi na kitufe cha X. Alikuwa amemkataa baba yake mwenyewe, na watu wote wale, kwa sababu ya mechi waliyofungwa.

Walirekebisha rangi, wakapunguza mng'aro wa taa zilizozidi, kisha shangazi akatia karatasi kubwa kwenye printa. Ilitoka kidogo kidogo, dari kwanza, kisha mikono, kisha nyuso. Walisimama watatu, kama watu wanaomtazama mtoto akizaliwa. Mkunga aliipokea kwa mikono miwili.

"Bibi," Chapuchapu alisema, "bado nina aibu."

"Aibu utakuwa nayo, na uwe nayo kidogo," mkunga alijibu. "Lakini ulisema wakati kusema bado kunasaidia. Kazini kwangu nimewaona watu wazima walioficha kosa mpaka dawa ikakosa la kufanya. Wewe ulisema, na mimi kesho naondoka na watu wangu wote." Akamshika kichwa, akatoka.

Shangazi alizima printa, akakaa kwenye kigoda.

"Umeona inavyofanya kazi ile programu?"

"Nimeona, shangazi. Inatisha."

"Ina nguvu kweli. Inaweza kutoa mwanga mahali ambapo jicho linaona giza tupu. Lakini mambo mawili haiwezi. Haiwezi kutazama badala yako, na haiwezi kusema ukweli badala yako. Ungenyamaza leo, programu zote za duniani zisingewarudisha watu wale. Kazi ni ya mtu kwanza, halafu ya mashine. Ifanye kwa makini hata kama hakuna anayekuona, na ukikosea, sema mapema, kabla kosa halijafunga mlango."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Kisha akavuta kiti, akazirudisha kwenye diski ya kazi picha zote alizozifuta asubuhi, akafungua ya kwanza ikajaa skrini. Ilikuwa ya mtoto mdogo aliyetoka na ukungu kwa kukimbilia keki. Aliangalia macho yake. Akaangalia walio nyuma. Akaangalia na pembeni. Mluzi wa Filimbi ulisikika mahali fulani mtaani, ukapita, ukafifia, naye akafungua picha ya pili.