Ndege wa Kauri Katikati ya Pai

Hebu niambie: ukisikia mluzi unatoka ndani ya oveni ambayo bado hujaiwasha, utafungua mlango wake, au utatoka nje na kuiacha nyumba?

Glenys alifungua. Si kwa ushujaa. Alifungua kwa sababu pai yake ilikuwa humo, mbichi, ikisubiri moto, na sikukuu ya matufaha ilikuwa Jumamosi, na mwanamke aliyeshindwa miaka saba mfululizo haachi pai yake kwa ajili ya mluzi. Alikuta kila kitu mahali pake: sahani, unga uliosukumwa vizuri, na katikati yule ndege mdogo wa kauri nyeusi, shingo yake imechomoza kwenye unga ili mvuke wa matufaha upate pa kutokea, mdomoni. Mvuke ulikuwa unatoka. Akagusa sahani. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Ndege huyo alikuwa amenunuliwa asubuhi ileile ya Jumapili, kwenye soko la vitu vya kale linalofanyika kila Julai ndani ya ghala la zamani la kufungashia matufaha, kando ya mto Huon. Baridi ya Tasmania mwezi huo haina adabu. Watu walizunguka meza na glavu mikononi, wakipuliza chai na kujifanya wanajua umri wa vijiko. Glenys alikwenda na Coralie, mke wa kaka yake Lindsay, kwa sababu walikuwa wakienda pamoja kila mwaka, na kuacha ghafla kungehitaji maelezo.

Coralie ndiye aliyemwona ndege. Alikuwa bado anavua glavu ili amshike, Glenys akapenyeza mkono chini ya kwapa lake akamnyakua. Muuzaji, mzee aliyejifunika blanketi la farasi, hakutaja bei. Aliuliza ni nani kati yao amemwona kwanza, maana huyu, alisema, hapendi kwenda kwa mtu mwingine.

"Mimi," alisema Glenys.

Coralie akacheka. "Mwachie tu, mzee. Wifi yangu huyu haoni kitu mpaka kikaribie mkono wangu."

Mzee hakucheka. Alipokea noti huku akimtazama Coralie kwa huruma, na Glenys akaliona hilo na likamuudhi: yeye ndiye kanunua, lakini wa kutazamwa bado ni Coralie.

Ndivyo ilivyokuwa tangu harusi. Mama yake Glenys, aliyemlea binti yake kwa kumkosoa, alimpa mkamwana wake mti wa tufaha alioubebesha kikonyo, kijiti cha mti wa zamani kwenye shina changa, kwa mkono wake mwenyewe, wa aina ambayo bonde zima halikuwa nayo tena. Glenys, mtoto wa kuzaa, siku ya harusi yake alipewa taulo sita. Kwa matufaha ya mti ule Coralie alibeba utepe wa pai bora miaka saba, na kila mwaka alisema ni bahati tu, jambo linalouma kuliko majigambo. Kisha, baada ya sikukuu ya mwaka jana, mti ukanyauka. Miti mingine ilipochipua, ule haukuchipua. Watu wakasema ni ugonjwa wa mizizi. Coralie alilia jikoni kwake mchana mzima, na Glenys ndiye aliyemtengenezea chai.

Sasa wote wawili walipika na matufaha ya dukani, yale yenye ganda la kung'aa na ladha ya maji. Mwaka huu, alijiambia Glenys, tutapimana sawasawa.

Akawasha oveni. Pai ikaiva. Lakini kipande cha kwanza kilipogusa ulimi wake alilazimika kushika ukingo wa meza. Ilikuwa ladha ya mti uliokufa: ukali kwanza, kisha asali, kisha kitu kama waridi. Alikula nusu ya pai akiwa amesimama, akicheka peke yake.

Jioni Lindsay alipiga simu. Ncha za vidole vya Coralie zilikuwa zimegeuka nyeusi. Coralie akamnyang'anya simu mumewe. "Ni baridi ya soko lako hiyo. Usifurahi mapema, utepe naweza kuubeba hata kwa meno."

Jumatano Glenys alipika tena. Mluzi ulianza kabla hajafunga mlango wa oveni, na safari hii ulikuwa na mwendo wa wimbo, wimbo ambao aliujua na akaamua haujui. Chini ya harufu ya mdalasini ilipanda harufu nyingine, kali, ya kukwaruza koo, harufu ya rafu ya juu kabisa kwenye kibanda chake cha vifaa. Hiyo nayo akaamua haijui. Ndani ya ndoo, maganda ya matufaha aliyomenya dakika kumi zilizopita yalikuwa yamejikunja, meusi, kama vidole vilivyokuwa vikijaribu kushika kitu. Lindsay alipopiga simu, alisema weusi umefika kwenye viwiko, kwamba ngozi inapasuka mistari mistari kama gome, kwamba daktari kule mjini Hobart amegeuza mikono ile juu na chini akaishia kuandika dawa ya kupaka. Alikuwa akinong'ona, maana Coralie alikuwa chumba cha pili. "Anasema ana kiu, Glenys. Anakunywa maji ndoo nzima, bado ana kiu."

Kuna watakaosema Glenys alikuwa amerogwa. Hakurogwa. Alikata simu, akakata kipande, akaonja. Kilikuwa kitamu kuliko cha Jumapili.

Alhamisi aliogopa. Watu wa bonde lile hawana jina la jini. Wanasema "vile vitu" na kucheka, kisha kila Julai wanaizunguka miti yao wakigonga sufuria kwa nguvu isiyolingana kabisa na kicheko chao, ili vile vitu viondoke kwenye mizizi. Glenys alichukua sufuria yake ya supu na mwiko, akasimama mbele ya oveni saa nne asubuhi, dirisha limezibwa na ukungu wa mtoni, akagonga mpaka mkono ukafa ganzi, na kadiri alivyogonga ndivyo mluzi ulivyopanda, ukafuata mapigo yake, ukaupiga wimbo wa sikukuu ubeti wa kwanza na ubeti wa pili, na ulipofika ubeti wa tatu ndege yule aliyekuwa mkavu juu ya rafu, mbali na oveni, mbali na pai yoyote, akakatisha wimbo na kukohoa mara moja, kikohozi kifupi cha mwanamke anayetaka kufunika sauti ya kitu kingine. Kilikuwa kikohozi cha Glenys mwenyewe.

Sufuria ikamponyoka. Hata hivyo, Jumamosi alipika.

Alishinda, bila shaka. Waamuzi watatu walionja, na mmoja akafuta macho. Coralie alipiga makofi ndani ya blanketi, makofi yasiyo na sauti ya nyama, kama vijiti viwili. "Hongera, wifi," alisema. "Mama angefurahi." Hakukuwa na kejeli humo. Glenys aliitafuta, akaikosa.

Desturi ni kwamba mshindi ndiye anayemimina jagi la pombe ya matufaha kwenye mizizi ya mti. Mwaka jana Coralie alishinda, lakini alimpa Glenys jagi: mimina wewe, alisema, mti ni wa mama yako. Safari hii, jua likiwa linazama nyuma ya vilima, watu walielekea tena uwanja wa Coralie, kwenye kisiki cha mti ule uliokufa, na hapo Glenys akaona asichokitarajia. Kando ya kisiki palisimama mche mwembamba, umefungwa kitambaa shingoni.

"Nilikata kijiti kabla mti haujafa wote," alisema Coralie. "Nikakibebesha kwenye shina changa kama mama alivyonifundisha. Nilikuwa nakuficha. Mche ukishika, nusu ya matufaha ni yako."

Weusi ulikuwa umefika shingoni mwake. Alipotoa jagi ndani ya blanketi, vidole vilivyolishika havikuwa tena vya kukunjika.

Watu wakaanza kuimba na kugonga. Glenys akainamisha jagi, na harufu ya kibanda chake ikampanda usoni. Akatazama ndani: pombe ya matufaha tu. Watu waliotembea na Coralie walikuwa wamelionja jagi lile wakiwa njiani na kulisifu. Kutoka kwenye meza ya pai, hatua arobaini nyuma yao, mluzi uliingia chini ya nyimbo zao kama mtu anayejua nafasi yake kwenye kwaya, ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, na hakuna aliyegeuka ila yeye, na Coralie akaanza kushuka, polepole, goti moja kisha la pili, mpaka akawa sawa kwa urefu na mche wake.

"Mimina, wifi," alinong'ona. "Kiu imenichosha."

Ubeti wa tatu. Ndege akakohoa.

Glenys akaliweka jagi chini, mbali na mche. Nyimbo zikafifia, sufuria moja moja. Lindsay akamwambia amalize, mkewe anaganda. Kule mezani mluzi ukakatika, kama mtu aliyenyamaza ili asikie vizuri.

"Haukuwa ugonjwa wa mizizi," alisema Glenys. "Mwaka jana uliponipa jagi, Coralie, nilikuwa na chupa ya dawa ya magugu mfukoni. Nilikohoa ili msisikie kifuniko. Niliimwaga hapa hapa, yote, mbele yako, huku nikiimba."